Wimbo wa Nyangumi Nundu: Muundo Usio na Maana?

Mwanafunzi wa isimu hufunzwa mapema kwamba lugha ni mfumo wa sauti nasibu zenye maana, unaotumiwa na jamii ya watu kwa mawasiliano. Fasili hii hukaririwa katika mitihani bila kutiliwa shaka. Makala haya yanaipima fasili hiyo kwa kurejelea tafiti kuhusu nyangumi nundu, ambaye sauti zake zimepewa majina ya kiisimu, na hata ya kishairi, kwa zaidi ya miaka hamsini.

Nyangumi huyu si mgeni kwetu. Kati ya Julai na Septemba huonekana pwani ya Kenya, hasa karibu na Watamu, akitoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa katika maji vuguvugu. Waimbaji ni madume, nao huimba zaidi katika msimu wa kujamiiana.

Uchunguzi wenyewe ulipata msingi mwaka 1971, Roger Payne na Scott McVay walipochapisha makala yao katika jarida la Science. Walitumia, miongoni mwa nyingine, sauti zilizonaswa karibu na Bermuda na Frank Watlington, mhandisi aliyefanya kazi na vinasa sauti vya chini ya bahari. Walichobainisha ni kwamba milio ile haikuwa ovyo. Sauti moja moja huungana kuwa kifungu; kifungu hurudiwa mara kadhaa na kufanya sehemu kubwa zaidi; sehemu hizo hufuatana kwa mpangilio maalumu hadi wimbo ukamilike, baada ya dakika 7 hadi 30. Kisha wimbo huanza upya, pengine kwa saa nyingi.

Hapa pana tatizo la istilahi linalotuhusu sisi moja kwa moja. Ile sehemu kubwa watafiti waliiita kwa neno la wanamuziki, ambalo mfasiri wa haraka angelitia katika Kiswahili kuwa ‘mada’ au ‘dhamira’. Kwa maoni yangu huo ungekuwa upotoshaji, kwa kuwa mada ni jambo linalosemwa, na hakuna aliyethibitisha kuwa nyangumi anasema jambo. Heri tuseme kipashio, mshororo, ubeti na wimbo. Istilahi hizi zinaeleza umbo tu bila kudai maana. Tena zina utetezi: mwaka 1988 Linda Guinee na Katy Payne walionyesha kuwa nyimbo zenye sehemu nyingi zaidi ndizo zilizoelekea kuwa na miishio inayofanana, mfano wa vina. Walipendekeza kuwa huenda marudio hayo humsaidia mwimbaji kukumbuka. Aliyewahi kuhifadhi utenzi kwa moyo hatashangaa.

Aidha, wimbo huu hurithishwa kwa kuiga. Madume wa eneo moja huimba wimbo mmoja, nao hubadilika kidogo kidogo. Mara nyingine mabadiliko ni ya ghafla. Mwaka 1996, mashariki mwa Australia, walisikika waimbaji wawili tu wenye wimbo wa pwani ya magharibi. Kufikia 1998 wimbo wa zamani ulikuwa umeachwa kabisa. Michael Noad na wenzake waliripoti tukio hilo mwaka 2000. Mwaka 2011, Ellen Garland na wenzake wakaonyesha jinsi nyimbo zinavyosafiri kutoka Australia kuelekea mashariki hadi visiwa vya Polinesia ya Kifaransa.

Utafiti wenye uzito zaidi kwa mwanaisimu ulitoka Februari 2025. Inbal Arnon, Simon Kirby, Garland na wenzao walichukua nyimbo za miaka minane kutoka Kaledonia Mpya wakazikata kwa njia anayotumia mtoto mchanga kuyatambua maneno. Mtoto hana kamusi. Akisikia ‘su’ kisha ‘fu’, hutarajia ‘ri’ na ‘a’. Lakini baada ya ‘sufuria’ lolote laweza kufuata, na hapo ndipo mpaka wa neno ulipo. Vipande vilivyopatikana vilifuata kanuni ya Zipf: kile kinachojitokeza zaidi hutokea takribani mara mbili ya cha pili, na mara tatu ya cha tatu. Hesabu maneno ya riwaya yoyote ya Kiswahili uone ‘na’, ‘ya’ na ‘wa’ yanavyotangulia. Hata hivyo, watafiti wenyewe walitahadharisha kuwa matokeo haya hayathibitishi maana.

Tahadhari hiyo ilikosekana katika habari za Twain, nyangumi jike wa Alaska. Mwaka 2021, kikundi cha Brenda McCowan kilimchezea mlio mmoja wa kuitana uliorekodiwa, naye akaitikia kwa muda wa dakika 20, akilinganisha vipindi vya ukimya na vya chombo. Ripoti ilipotoka mwaka 2023, vyombo vya habari viliyaita ‘mazungumzo’. Ikumbukwe kwamba huo ulikuwa mlio, wala si wimbo, na mlio ni mmoja tu. Mimi ningeuita upokezanaji. Ili tuseme mazungumzo, ingebidi kuchezwa milio miwili tofauti, mara nyingi na kwa nyangumi wengi, kisha ionekane kuwa kila mmoja huleta mwitikio wake unaoweza kutabirika.