Tusimwache Shosho Peke Yake
Somo: Isaya 46:4

Hapa Mungu anaahidi kuwabeba watu wake mpaka wawe na mvi. Hakuweka sharti kwamba wamkumbuke kwanza.

Dimenshia si laana wala pepo. Ni ugonjwa wa ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 wanaishi nao, na wazee wetu wa Nyeri, Karatina na Othaya wamo. Dawa ya kuuponya haijapatikana, lakini upweke humdhoofisha mgonjwa zaidi. Hata hivyo naona ushirika wa nyumbani ukiruka boma lake, eti "kwani atatujua?" Mama yangu amesahau jina langu, lakini nikianza wimbo wa Kikuyu wa ujana wake, yeye ndiye humaliza.

Basi tufanye hivi:

1. Jitaje: "Shosho, ni mimi, jirani yako wa hapo chini." Usimwulize, "Unanikumbuka?"
2. Usibishane naye. Akisema anaenda soko Karatina, muulize atauza nini.
3. Nendeni wawili, si umati. Zimeni redio, muongee polepole.
4. Kaa naye Jumapili moja, anayemtunza naye apate kuja ibadani.

Tafakari: Wiki hii utabisha mlango wa nani?