SUR, MJI WA VYOMBO: SOMO KWA WATOTO WA FUNDO



Tunamshukuru Allah (S.W.) aliyetujaalia uhai na afya hata tukakutana tena katika kurasa za jarida letu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu wanafunzi na wazee wetu, mwaka jana sisi walimu wawili wa madrasa hii tulijaaliwa kwenda Oman kuwatazama jamaa. Wenyeji wetu wa Maskati walituuliza tunataka kutembezwa wapi. Walidhani tutataja masoko na Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, na huko kweli walitupeleka. Lakini tokea tulipokuwa hapa Fundo tulikwisha kukubaliana kuwa tukifika Oman tutaomba kwenda Sur. Sababu yake ni wazee wetu. Jina hilo tumelisikia tokea udogo, likitajwa pamoja na vyombo vilivyokuja na kaskazi na kurudi na kusi. Wengine walilitaja kwa mapenzi, wengine kwa kututisha. Yote mawili yana sababu, na tutayaeleza.

MJI WENYEWE

Sur iko kusini mashariki ya Maskati, mwendo wa kiasi cha kilomita 200 kwa gari. Barabara inafuata pwani: mkono mmoja majabali makavu yasiyo na jani, mkono wa pili bahari. Sisi tuliozoea mikarafuu na minazi tulishangaa watu waliwezaje kuishi hapo. Jawabu ni hori. Mtoto wa Fundo hahitaji kuelezwa hori ni nini. Bahari inaingia ndani kwa mlango mwembamba, kisha inapanuka na maji yanatulia. Ng'ambo ya hori uko mtaa wa Al Ayjah, nyumba zake nyeupe na mnara wake wa taa, na siku hizi pana daraja la kuning'inia linalounganisha pande mbili. Maji yakipwa, vyombo hukaa juu ya mchanga. Yakijaa, huelea vyenyewe. Hii ndiyo iliyoufanya mji uwe wa waunzi, kwani chombo kikubwa hakishuliwi popote tu.

Pwani ya Sur ni ndefu, na jioni watu hutoka na watoto wao kupunga upepo. Mbele zaidi, Ras al Jinz, kasa hupanda usiku kutaga mayai. Mtu haruhusiwi kwenda peke yake wala kuwamulika kasa kwa taa. Huongozwa na mlinzi na hunyamaza. Tulikumbuka namna wengine wetu wanavyomfanyia kasa akipanda kwetu, tukaona haya.

Msafiri maarufu Ibn Battuta naye alipita Sur. Alifika Kilwa mwaka 1331, kisha akarudi kaskazini mpaka pwani ya Oman. Alipokuwa bandarini Sur aliuona mji wa Qalhat kwa mbali, akadhani ni karibu, akaamua kwenda kwa miguu. Akamkodi mtu wa kumwonesha njia na kumchukulia nguo zake. Mtu yule alikuwa na nia ya kuzichukua moja kwa moja! Mwisho Ibn Battuta alifika Qalhat akiwa na kiu na miguu imemvimba. Basi msicheke sana mkisikia mgeni amekwama kwenye mchanga wa Fundo maji yakiwa yamepwa. Qalhat yenyewe ilivunjwa na Wareno mwaka 1508, na magofu yake yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018.

CHOMBO KILICHOKOMBOLEWA

Kilichotupeleka hasa ni chombo kimoja kiitwacho Fatah al-Khair. Ni ghanja, yaani katika jamii ya majahazi makubwa ya zamani, omo yake imepinda na kupambwa kichwani, na tezi yake ni pana, imechongwa nakshi kama mlango wa nyumba ya mjini Unguja. Kiliundwa hapo Sur mwaka 1951. Baadaye kiliuzwa Yemen, na vyombo vya aina yake vikaisha. Watu wa Sur walipotanabahi kuwa watoto wao hawana tena ghanja ya kuiona, walichangishana fedha, wakaenda kuikomboa, ikarudi kwao mwaka 1993. Sasa imewekwa nchi kavu, wanafunzi wanaletwa kuitazama.

Tulisimama chini ya mkuku wake tukiinua shingo. Mwenzangu alihesabu mataruma hata akachoka.

Si mbali na hapo ipo gudi ambayo bado inaunda vyombo vya mbao. Tulikuta mafundi wakipiga kalafati, na harufu ya mbao mbichi ilitufanya tujione tuko kwetu. Mafundi wenyewe, wengi wao walikuwa wageni kutoka Bara Hindi. Walifanya kazi nzuri, hatuna la kusema. Lakini wana wa Sur hatukuwaona wakishika tezo.

Pembeni alikaa mzee mmoja amejiegemeza kwenye fimbo. Alipotusikia tukizungumza, alitusalimu kwa Kiswahili kizuri.

"Nyinyi watu wa Unguja?"

"Hapana Ami, sisi Wapemba. Tunatoka Fundo, karibu na Wete."

"Wete naijua kwa jina. Marehemu baba alikuwa akiteremka na kaskazi. Kwenu bado wanaunda kwa mkono?"

"Wanaunda Ami, alhamdulillah."

"Nani anajifunza?"

Hapo tulitazamana. Yule mzee alingoja kidogo, kisha akatuuliza khabari za mvua na karafuu, kwa adabu, ili asituaibishe.

SAFINA YA NABII NUHU (A.S.)

Wanafunzi wa darasa la tafsiri watakumbuka kuwa katika Sura ya 54, Al-Qamar, aya ya 13, Allah (S.W.) ameitaja safina ya Nabii Nuhu (A.S.) kwa vitu viwili tu: mbao na dusur. Neno dusur wafasiri wengi wamelifasiri kuwa ni misumari. Lakini wataalamu wa lugha ya Kiarabu wameeleza pia kuwa ni kamba za nyuzi za mti zinazofunga mbao za chombo. Mtu wa bara huenda akashangaa vipi chombo kifungwe kwa kamba kisivuje. Mtu wa mwambao wetu asishangae. Mtepe, chombo cha mababu zetu, ulikuwa ukishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila ya msumari hata mmoja. Mwaka 2003 uliundwa mtepe wa kuoneshwa katika Beit al Ajaib, Unguja. Na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jumba hilo ikaanguka.

Sur nako, mwaka 1980 iliundwa jahazi ya kushonwa iliyoitwa Sohar, chini ya msafiri Tim Severin. Ilitoka Oman mwaka huo, na mwaka 1981 ikafika Guangzhou, China, kwa tanga. Walioishona waliletwa kutoka visiwa vya India, kwa kuwa kule ndiko ilikobakia mikono inayojua kazi hiyo.

Sasa tuje kwenye Sura ya 11, Hud, aya ya 37 na 38. Nabii Nuhu (A.S.) aliamrishwa aunde chombo. Kila wakubwa wa kaumu yake walipompitia, walimcheka. Mara nyingi tunaposomesha aya hizi tunaeleza kufuru yao, na ni sawa. Lakini tuliporudi kutoka Sur tulizisoma tena, na kilichotushughulisha ni kuwa waliyemcheka alikuwa ameshika kazi ya useremala mkononi.

Tunaungama, sisi walimu, kuwa nasi tumo. Tumewahi kumwambia mwanafunzi mzito wa kuhifadhi, tena mbele ya wenzake, kuwa huyu ataishia kuchonga mitumbwi. Darasa likacheka. Aliyetukanwa siku ile si mtoto yule peke yake. Katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa Nabii Zakariya (A.S.) alikuwa seremala. Na katika Bukhari, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa hakuna chakula bora kuliko alichokipata mtu kwa kazi ya mkono wake, akamtaja Nabii Daud (A.S.) kuwa alikula kwa kazi yake. Sasa tukiwa tunasomesha Hadithi hizi asubuhi, na jioni tunaitumia tezo kuwa ni tusi, mtoto afuate lipi?

Baadhi ya wazee wanatwambia, "Maalim, kazi hiyo haina pesa, na miti imekwisha." Maneno haya yana ukweli. Mti mzuri ni adimu na bei yake ni kubwa, na maboti ya faiba yameenea. Hatusemi kila mtoto awe muunzi. Tunasema asiyekuwa muunzi asimdharau muunzi, na anayependa asikatazwe. Fundi wa chombo anaangalia gogo akajua taruma litatoka wapi, bila ya mchoro wala karatasi. Hii ni elimu. Na ni amana pia, kwani akiacha ufa mmoja bila ya kuutia pamba, watakaouona ni waliomo ndani, wakiwa katikati ya mkondo baina yetu na Wete. Anayepakia naye amebeba amana hiyo hiyo, kiwe chombo cha mbao au cha chuma. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilizama ikija Pemba, imejazwa kupita kiasi. Hakuna haja ya kueleza zaidi, kwani misiba ile iliingia majumbani mwetu.

LILE LA KUTISHA

Tuliahidi kueleza kwa nini wazee wengine waliwatisha watoto kwa jina la Sur. Vyombo vilivyoshuka na kaskazi vilileta tende, chumvi na papa, na vikirudi vilichukua boriti za mikoko. Lakini katika karne ya 19 baadhi yao walichukua na watu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na biashara ikaendelea kwa siri. Baadhi ya wenye vyombo wa Sur walichukua karatasi na bendera za Ufaransa ili manowari za Uingereza zisiwapekue, na jambo hili lilifikishwa mbele ya mahakama ya usuluhishi The Hague, iliyotoa uamuzi wa kuwabana tarehe 8 Agosti 1905. Watoto wa mwambao waliibiwa, na mama zao waliwazuia wasicheze pwani nyakati za kaskazi.

Kuna wanaotaka tusiyaandike haya kwa kuwa waliofanya walikuwa Waislamu wenzetu. Sisi tunaona kinyume chake. Dhulma haipungui kwa kuwa aliyeitenda anasali. Mtume (S.A.W.) amesema katika Hadithi Qudsi iliyopokewa na Bukhari kuwa Allah atakuwa hasimu Siku ya Kiyama wa mtu anayemuuza mtu huru akala thamani yake. Anayeipenda ghanja kwa uzuri wake na ajue pia kilichowahi kuwekwa ngamani mwa vyombo kama hivyo.

Yule mzee wa gudini hatukumuuliza haya. Huenda ilikuwa adabu, huenda ilikuwa woga. Tunaliacha hapo.

ZOEZI

Wanafunzi wa darasa la tatu na kuendelea, wa kiume na wa kike, watafanya kazi hii kabla ya likizo ya Ramadhani.

Kwanza, nenda kwa babu au fundi yeyote anayeunda au kutengeneza chombo. Msalimu, mwombe ruhusa, na ukae chini. Usimsimamie kichwani. Muulize majina ya sehemu zote za chombo kutoka omo mpaka tezi, na uyaandike kama anavyoyatamka yeye, hata kama skuli ulifundishwa vingine.

Pili, muulize kila ubao ni wa mti gani, na mti huo hukatwa wapi siku hizi.

Tatu, muulize yeye alifunzwa na nani, na nani anamfunza sasa. Akisema hana anayemfunza, liandike jawabu hilo kama lilivyo.

Wasichana wasije wakatwambia kazi hii si yao. Bibi zetu ndio waliokuwa wakizika makumbi pwani na kusokota kamba, basi waulizwe makumbi huzikwa muda gani kabla ya kupondwa.

Madaftari yaletwe kwa walimu, na majina yatakayokusanywa tutayachapisha katika jarida la mwakani, In shaa Allah.

Wabillahi tawfiq.