Neno Moja kwa Mwaka Mzima

Masomo: Waefeso 4:25-32, Matendo ya Mitume 5:1-11



Kila mwanzo wa mwaka, katika jumuiya ndogo ndogo zetu hapa Nyamira, watu huulizana: "Mwaka huu umemwahidi Mungu nini?" Zamani tulijibu kwa orodha ndefu. Bwana ataacha pombe, atasali rozari kila jioni, atatoa zaka, hatafoka nyumbani, na atapanda miti. Bibi naye ana yake saba. Ikifika Machi, mvua zimeanza na kazi ya shamba imekuwa nyingi, ukimwuliza mtu juu ya orodha yake anacheka. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Je, mshika saba?

Ndiyo sababu wengi sasa huchagua neno moja tu la kuwaongoza mwaka mzima: Subira, Shukrani, Amani, Kusikiliza. Ni desturi nzuri. Lakini ndani ya ndoa ina hatari yake, nami niliijua hatari hiyo katika nyumba yangu mwenyewe. Leo tutazame desturi hii ilikotoka, jinsi inavyoweza kutupotosha, na namna bibi na bwana wanavyoweza kuitumia kwa faida.

1. Desturi ya zamani

Tusidhani kwamba jambo hili ni geni. Katika karne ya nne, jangwani Misri, katika bara letu hili la Afrika, waliishi wamonaki walioacha yote ili wamtafute Mungu. Kijana alikuwa akimwendea mzee na kumwambia, "Baba, nipe neno." Mzee hakumpa hotuba. Alimpa neno fupi, naye kijana alikwenda nalo kulitenda.

Mmoja wao aliitwa Pambo. Hakujua kusoma, basi akamwendea mtu amfundishe zaburi. Alisomewa mstari wa kwanza wa Zaburi ya 39, ule ambao mwenye kusali anaazimia kuziangalia njia zake asikose kwa ulimi. Pambo akasema huo unamtosha, akaondoka. Baada ya miezi sita mwalimu wake akamwuliza mbona hajarudi. Akajibu kwamba bado hajajifunza kuutenda ule wa kwanza. Miaka mingi baadaye alisema kwamba kwa miaka 19 alikuwa ameuweza kwa shida sana. Angalieni: mstari mmoja, miaka 19!

Kanisa nalo hutufundisha kwa njia hiyo. Kabla ya Jubilei ya mwaka 2000, Papa Yohane Paulo wa Pili alitupa miaka mitatu ya matayarisho: 1997 tumtafakari Yesu Kristo, 1998 Roho Mtakatifu, na 1999 Mungu Baba. Baba Mtakatifu Fransisko alitangaza Mwaka wa Huruma, ulioanza Desemba 2015 ukamalizika Novemba 2016. Jubilei ya 2025 ilikuwa ya Matumaini. Mama Kanisa anajua kwamba watoto wake hawawezi kubeba yote kwa mara moja.

Hata nchi yetu ilianza na neno moja. Tulipopata uhuru mwaka 1963, Mzee Kenyatta alituita kwa neno Harambee, nalo limo katika ngao ya taifa mpaka leo. Shule nyingi zilijengwa kwa neno hilo, kila mtu akileta alichonacho, huyu jiwe, huyu kuku. Lakini wazee wetu wanakumbuka pia wakati ambapo michango ilidaiwa kwa lazima, na neno lilelile likawa mzigo. Neno ni zuri linaponituma mimi kufanya kazi. Linapogeuka kuwa la kumdai mwenzangu, huharibika. Mambo ya nyumbani ni hivyo hivyo.

2. Subira yangu

Miaka michache iliyopita nilisimama mbele ya jumuiya nikasema neno langu la mwaka ni Subira. Watu wakapiga makofi. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma, akanitazama tu.

Ninyi mlio na mashamba ya chai mnajua mwaka wetu ulivyo. Kila mwezi tunapata malipo madogo ya kilo tulizopeleka kwenye kituo cha kununulia majani. Kisha, karibu na mwezi wa Oktoba, huja bonasi. Hiyo ndiyo pesa ya karo, ya mabati, na ya kulipa madeni. Ndiyo pia pesa inayovunja nyumba nyingi, kwa maana mara nyingi namba ya mkulima ni ya bwana, na mgongo unaobeba kikapu ni wa bibi.

Mwaka ule bonasi yetu ilikuwa shilingi 58,000. Nilimwambia mke wangu kwamba ni 40,000. Zile 18,000 nilimpa ndugu yangu aliyekuwa na deni. Sikunywa, wala sikuzipeleka kwa mwanamke mwingine. Nilijiambia kwamba nimetenda tendo la huruma, na kwamba nikimwambia mke wangu tutagombana bure.

Desemba mke wangu alikopa shilingi 10,000 katika chama cha akina mama kwa ajili ya karo ya Januari, kwa riba ya shilingi kumi kwa kila mia kila mwezi. Jioni alipokuwa akilalamika kwamba pesa ya chai imekwisha haraka, mimi nilinyamaza. Moyoni nikasema, "Tazama, ninavumilia manung'uniko yake. Hiyo ndiyo Subira." Na mwezi uleule, wapendwa, nilikuwa nimewafundisha wakatekumeni habari ya Anania na Safira, walioficha sehemu ya bei ya shamba lao!

Karibu na Krismasi alichukua koti langu alifue. Mfukoni akakuta karatasi ya malipo. Hakupiga kelele. Alinipa chakula, akangoja watoto walale, akaiweka ile karatasi mezani. Kisha akaniuliza, "Baba watoto, ile Subira yako ilikuwa ya nani?"

Sikuwa na jibu. Mwaka mzima nilikuwa nimejiona mtu mwenye subira, kumbe aliyevumilia ni yeye.

3. Kosa lilikuwa wapi?

Baada ya kuungama na kufikiri sana, niliona makosa matatu, nami naamini siko peke yangu.

Kosa la kwanza: nilichagua neno la kunipamba. Subira ilinifanya nionekane mtu mwema ninayeishi na mtu mgumu. Neno jema halitupambi. Hutugusa pale penye kidonda.

Kosa la pili: nilichagua neno ambalo kwa siri lilimhusu mwenzangu. Kusema "nitakuwa na subira" kulimaanisha "nitamngoja mke wangu abadilike". Kuna mabwana huchagua Utii, wakiwa na maana ya utii wa bibi. Kuna mabibi huchagua Uaminifu, nao wanamtazama bwana kwa jicho la pembeni. Hiyo si nia ya mwaka. Ni kesi.

Kosa la tatu: nililichagua peke yangu. Wale wamonaki wa jangwani hawakujipa neno. Waliliomba kwa mtu aliyewajua. Sisi wenye ndoa, nani anatujua kuliko yule anayelala na kuamka nasi? Nyani haoni kundule. Bibi na bwana huonyeshana.

Hapa niseme jambo moja kwa uzito. Asiwepo mtu wa kumpa neno Subira mke anayepigwa, wala mume anayeteswa. Huko ni kumfunga mdomo kwa jina la Mungu. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1153, inamruhusu mwenye ndoa kuishi mbali na mwenzake anayemtia yeye au watoto katika hatari kubwa ya mwili au ya roho. Mtu wa namna hiyo aende kwanza mahali pa usalama, kisha kwa padre na kwa wenye mamlaka. Mambo ya neno la mwaka yangoje.

4. Namna ya kuchagua

Fuateni hatua hizi, msiharakishe. Majilio ni wakati mzuri, kwa kuwa mwaka wa Kanisa huanza hapo. Lakini hata katikati ya mwaka mnaweza kuanza.

Kwanza, kila mmoja akae peke yake mbele ya Mungu, ajiulize: "Ni jambo gani ambalo sipendi mwenzangu aniulize?" Neno lenu mara nyingi limejificha hapo. Mimi sikupenda kuulizwa juu ya pesa.

Pili, kaeni wawili, watoto wakiwa wamelala, na simu zimewekwa kando. Kila mmoja amwulize mwenzake: "Wewe ungenipa neno gani?" Anayejibu ajibu kwa neno moja, asitoe historia ya miaka kumi na miwili. Anayesikia asijitetee usiku huo. Alale nalo.

Tatu, mwenye neno ndiye mwenye uamuzi. Mwenzake hupendekeza, halazimishi. Neno la kulazimishwa hutupwa kabla ya Kwaresima.

Nne, lipeni neno mikono. Upendo ni neno kubwa mno kwa mwaka mmoja. Hata Mtume Paulo, alipotaka kuueleza kwa Wakorintho, aliugawa katika mambo mengi madogo. Semeni: neno langu litaonekana siku gani, mahali gani, nikifanya nini?

Tano, lirudieni. Mchumaji wa chai hachumi mti mzima. Huchukua majani mawili na kichipukizi, na baada ya wiki moja au mbili hurudi kwenye mti uleule. Chagueni siku moja kila mwezi ya kuulizana. Sisi tulichagua jioni ya siku ya malipo.

Wasioona neno lolote waanze na maneno matatu ambayo Papa Fransisko aliwasisitizia wenye ndoa katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016: ruhusa, asante na samahani. Chukueni mojawapo. Anayelikwepa zaidi ndilo lake.

5. Mwaka wa Uwazi

Mke wangu alinipa neno Uwazi. Nilijitetea usiku ule (hatua ya pili niliivunja), lakini asubuhi nilikubali. Tuliweka mkebe wa majani chai juu ya kabati, na kila karatasi ya pesa, yangu au yake, ikaingia humo. Miezi ya kwanza niliona haya kama mtoto anayekaguliwa kucha. Aprili nilisahau karatasi moja. Naam, nilisema nimesahau. Baadaye nilirudi nikasema ukweli, kwamba sikuisahau.

Oktoba ilipofika tulihesabu bonasi wawili, mezani. Ndugu yangu alikuja tena na shida. Tulikubaliana kumpa shilingi 5,000. Alizipokea kwa hasira, akasema mbele ya watu kwamba siku hizi ninaamriwa na mwanamke. Maneno hayo yaliniuma, na mpaka leo haji kwangu kama zamani. Siwadanganyi kwamba neno la mwaka halina gharama.

Desemba nilimwuliza mke wangu kama alikuwa na neno lake, maana hakuwahi kulisema mbele ya jumuiya. Akaniambia lilikuwa Kuuliza. Alisema mwaka ule wa kwanza alikuwa ameshuku tangu Oktoba, lakini akaona afadhali anyamaze akusanye ushahidi. "Ningekuuliza siku ile ile," akasema, "labda ungeniambia." Sijui kama ningemwambia. Lakini nilijua kwamba wawili tulikuwa tumefunga mlango mmoja, kila mtu kwa upande wake.

Mtume Paulo anawaambia Waefeso wavue uongo na waambiane ukweli, kwa sababu wao ni viungo vya mwili mmoja. Bibi na bwana ni mwili mmoja zaidi ya wote. Mkono ukiuficha mkono mwenzake, unajiibia wenyewe.

Mwaka huu neno langu bado ni Uwazi. Pambo alihitaji miaka 19. Mimi ni nani?

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Katika mwaka uliopita, ni wema gani niliojisifia, kumbe mwenzangu ndiye aliyeubeba?
2. Ni swali gani ambalo sipendi kuulizwa na mwenzangu? Kwa nini?
3. Pesa ya nyumba yetu inajulikana na wote wawili? Jamaa zetu tunawasaidia kwa mapatano au kwa siri?
4. Ningempa mwenzangu neno gani, naye angenipa lipi?
5. Ni siku gani ya mwezi tutaulizana juu ya maneno yetu?

Sala

Ee Bwana Yesu, wewe ni Neno uliyefanyika mwili ukakaa kwetu. Utupe kila mmoja neno lake, si la kumhukumu mwenzake bali la kumgeuza yeye mwenyewe. Tukianguka, utuinue, tukificha, utufichue kwa huruma. Bikira Maria, uliyeyaweka mambo yote moyoni mwako, utuombee. Mtakatifu Yosefu, uliyetenda bila maneno mengi, utuombee. Amina.