Kuingia Si Kufaa: Kuchagua Nozeli za Injini ya Petroli

Kijitabu cha elimu kwa wenye magari, madereva na mafundi

KABLA PESA HAIJATOKA

Umesimama kwenye dirisha la duka la spea. Mkononi una nozeli iliyotolewa kwenye gari lako asubuhi, bado inanuka petroli. Muuzaji anaigeuza mara mbili, anaingia ndani, anarudi na nne zilizofungwa pamoja kwa mpira. Anazilaza kando ya yako: urefu ule ule, soketi ile ile. "Hii inaingia, bosi." Na kweli inaingia. Swali ambalo hakuna aliyeliuliza ni hili: inapitisha petroli kiasi gani?

Kijitabu hiki kinahusu swali hilo. Kinamlenga mwenye gari la petroli ambalo injini yake iko kama ilivyotoka kiwandani, haijaongezewa turbo wala kubadilishiwa mfumo. Kwa injini hiyo jibu ni moja: nozeli mbadala ipitishe kiasi kile kile kilichopitishwa na ya awali ilipokuwa mpya.

NOZELI HUFANYA NINI

Nozeli, ambayo wengine huiita injekta, ni valvu ndogo inayofunguliwa kwa umeme. Pampu hujaza petroli yenye presha kwenye reli ya mafuta. Kompyuta ya injini ikiruhusu umeme kupita, koili iliyo ndani ya nozeli huvuta sindano, na petroli hunyunyizwa kwenye njia ya hewa. Umeme ukikatika, springi hurudisha sindano na mlango unafungwa.

Kompyuta haioni petroli iliyotoka. Inachokihesabu ni muda. Inaagiza "fungua kwa milisekunde 3", yaani sehemu tatu kati ya elfu moja za sekunde, kisha inaamini kuwa kiasi fulani kimetoka, kwa sababu kiwanda kiliiwekea ukubwa wa nozeli tangu mwanzo. Ukibadilisha ukubwa huo, umemfichia mpishi kikombe chake cha kupimia unga na kumwekea bakuli. Atahesabu vilevile, lakini ugali hautakuwa ule.

ANZA KWA KUPIMA

Gari likimisi, au sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ikipanda na kushuka, usikimbilie kununua nozeli. Plagi iliyochoka, koili mbovu, chujio la mafuta lililoziba, pampu dhaifu au mpira wa hewa uliopasuka huleta dalili zizo hizo.

Hata nozeli ikiwa ndiyo yenye kosa, mara nyingi ni chafu tu. Ipeleke kwenye gereji yenye mashine ya kusafisha na kupima nozeli. Hapo nozeli zote nne hunyunyiza kwa muda mmoja, kila moja kwenye mrija wake wa kioo. Inama uangalie mwenyewe. Ukiona mirija mitatu imefika alama ya 60 na wa nne umeishia 48, umeona kwa macho silinda iliyokuwa ikilala njaa. Angalia pia mnyunyizo: uwe ukungu mwembamba, si mchirizi kama wa bomba la maji. Mwisho, presha ikiwepo na umeme ukiwa umezimwa, ncha isidondoshe hata tone.

Zikisafishwa zikalingana, tofauti ikiwa chini ya asilimia 5, zirudishe kwenye gari. Ile inayogoma kufunga, au ambayo kiwango chake hakipandi hata baada ya kusafishwa, ndiyo ya kubadilishwa.

HESABU YA UKUBWA

Ukubwa wa nozeli hutajwa kwa cc zinazopita kwa dakika moja ikiwa wazi muda wote, kwa presha maalumu, mara nyingi bar 3. Tuchukue injini inayojulikana sana katika barabara zetu, 1NZ-FE ya Toyota, yenye cc 1,496 na silinda nne. Hutoa takriban kilowati 80 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika.

• Injini ya petroli iliyokanyagwa hadi mwisho hutumia karibu gramu 300 za petroli kwa kila kilowati kwa saa. Kilowati 80 zinahitaji kilo 24 kwa saa.
• Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu kilo 0.75. Kilo 24 ni lita 32 kwa saa, au cc 533 kwa dakika.
• Gawa kwa silinda nne: cc 133 kwa kila nozeli.
• Nozeli haipaswi kubaki wazi zaidi ya asilimia 80 ya muda uliopo. Gawa 133 kwa 0.8: karibu cc 167 kwa dakika.

Hesabu hii haichukui nafasi ya namba ya kiwanda. Faida yake ni kukupa mizani: ukiuziwa nozeli za cc 300 kwa injini ya namna hii, utajua mara moja kuwa si zake.

Kwa nini asilimia 80? Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mizunguko miwili, ambayo ni zamu moja kamili ya silinda, huisha kwa milisekunde 20. Asilimia 80 ni milisekunde 16. Zinazobaki ni nafasi ya sindano kufunga na kufungua tena, na akiba kidogo ya siku ambayo pampu imechoka.

KUBWA MNO, NDOGO MNO

Wapo wanaoamini kuwa nozeli kubwa huongeza nguvu. Petroli haiungui bila hewa. Kilo moja huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa, na injini yako inavuta hewa ile ile ya jana. Petroli ya ziada hutoka kama moshi mweusi na harufu kali, hukausha mfuko wako, hupasha joto kupita kiasi kifaa cha kusafishia moshi, na huosha oili kwenye kuta za silinda. Vuta kijiti cha oili unuse. Kikinuka petroli, uharibifu umeshaanza.

Sailensa ndiyo huumbuka kwanza. Gari likiwa limesimama, nozeli ya kawaida hufunguka kwa milisekunde 2 au 3, na karibu 1 kati ya hizo huishia kwenye kuinua sindano tu. Nozeli yenye ukubwa mara mbili hulazimika kufunguka kwa muda mfupi zaidi, kiasi kwamba sindano haijatulia juu tayari inaitwa chini. Injini hutetemeka kwenye foleni na kuzima.

Nozeli ndogo hudanganya zaidi, kwa sababu mjini gari linaweza kwenda vizuri tu. Sensa ya oksijeni huipa kompyuta habari kuwa petroli haitoshi, nayo huongeza muda wa kufungua. Lakini marekebisho hayo yana mwisho, na kwa magari mengi mwisho wenyewe uko kati ya asilimia 20 na 30. Pakia abiria na mizigo, upande mlima Kitonga kwa gia nzito, na nozeli itakuwa imefunguliwa hadi mwisho huku silinda bado ina kiu. Joto hupanda, injini hugonga, na valvu au pistoni huweza kuungua.

Taa ya injini ikiwaka baada ya kubadilisha nozeli, soma kodi ya hitilafu. P0171 inasema petroli ni pungufu. P0172 inasema imezidi.

MAMBO MANNE YA KULINGANISHA

1. Namba. Nozeli nyingi za Toyota zina namba inayoanza na 23250 au 23209. Tarakimu hizo hutaja kifaa tu, kuwa ni nozeli. Aina yenyewe imo kwenye tarakimu tano zinazofuata, na hapo ndipo wengi hukosea. Namba ya chasisi na kodi ya injini (kama 1NZ-FE) vitamsaidia muuzaji kupata namba sahihi. Jina la gari pekee halitoshi, kwani gari moja huweza kuwa limetengenezwa kwa injini tatu tofauti.

2. Ukinzani wa umeme. Weka testa kwenye pini mbili za nozeli. Magari mengi ya kawaida hutumia nozeli za omu 12 hadi 16. Zipo nyingine za omu 2 hadi 5. Kwa volti 12, ya omu 14 huvuta chini ya ampea 1, na ya omu 2.5 huvuta karibu ampea 5. Ukifunga ya pili mahali pa ya kwanza, kinachoweza kuungua ni kompyuta, yenye bei kubwa kuliko seti nzima ya nozeli.

3. Presha. Usilinganishe cc za nozeli mbili zilizopimwa kwa presha tofauti. Nozeli ya cc 200 kwa bar 3 hupitisha karibu cc 230 kwa bar 4. Kwa sababu hiyohiyo, pima presha ya reli kabla ya kuilaumu nozeli.

4. Umbo na mnyunyizo. Urefu, soketi na mipira ya kuzibia vilingane. Angalia na ncha pia: idadi ya matundu, na kama mnyunyizo hutoka kwa njia moja au mbili kuelekea valvu.

TAHADHARI: Kama kodi ya injini inaishia na FSE, mfano 1AZ-FSE, hiyo ni D-4, inayonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa mno. Nozeli zake haziingiliani na za FE.

MPYA AU MTUMBA

Nozeli za mtumba zilizotoka kwenye injini yenye kodi ile ile zinaweza kukufaa kuliko mpya zisizo na namba. Ila nunua seti nzima, na mkubaliane na muuzaji kuwa zitapimwa kwenye mirija kabla ya kufungwa. Zile nne za kwenye mpira huenda zilitoka kwenye magari manne. Mipira ya kuzibia nunua mipya kila mara, haina mtumba.

SIKU YA KUFUNGA

• Injini ipoe. Pasiwe na sigara wala moto karibu.
• Toa presha: chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, washa gari hadi lizime lenyewe, kisha fungua waya hasi wa betri.
• Paka mipira mipya oili nyepesi. Nozeli iingie kwa kusukumwa kwa mkono na izunguke. Usiigonge.
• Rudisha fyuzi na waya wa betri. Geuza swichi bila kuwasha injini, ili pampu ijaze reli, kisha mulika kila nozeli kwa tochi. Ukiona unyevu, usiwashe.

MASWALI YA DUKANI

Kuuliza si ujinga. Kata ukurasa huu uende nao:

□ Kodi ya injini yangu ni ipi?
□ Tarakimu zote za namba ya nozeli zinalingana?
□ Ni cc ngapi, kwa bar ngapi?
□ Testa inasoma omu ngapi kwa ya zamani, na ngapi kwa hii?
□ Matundu na mnyunyizo ni sawa?
□ Zote zimetoka kwenye injini moja, na zikipimwa zikatofautiana, nitazirudisha?

Muuzaji akijibu yote sita, lipa. Akirudia "inaingia" tu, chukua nozeli yako ya zamani uende duka linalofuata.