Jicho Bandia: Mambo ya Kujua Kabla Hujaingia Wodini

Ukikutana na mgonjwa mwenye jicho bandia ilhali hujawahi kulishika, utababaika, naye ataona. Mwanafunzi wa uuguzi au udaktari, jiandae mapema.

Lijue lilivyo. Si gololi. Mengi ya siku hizi ni kigamba cha akriliki kilichopinda, kinachokaa nyuma ya kope, juu ya kipandikizi au jicho lililosinyaa. Halioni, ila hurudisha sura na kuzuia kope zisidumbukie. Omba kliniki ya macho wakuonyeshe.

Lizungumzie kabla ya upasuaji. Mzazi akiambiwa jicho la mwanawe litolewe kwa sababu ya retinoblastoma, anaweza kumbeba mtoto akaondoka, na saratani ikaenea. Mwambie wazi: “Mama, ugonjwa huu ukiachwa unaweza kufika kwenye ubongo. Tukilitoa na kidonda kikapona, kwa kawaida wiki sita hadi nane, mtoto atatengenezewa jicho bandia linalofanana na la pili.” Kisha mpe alishike. Mweleze pia kwamba litabadilishwa kadiri uso unavyokua.

Uliza, usikisie. Majeruhi wa kichwa ana mboni moja isiyosinyaa ukiimulika? Endelea kumhudumia kwa haraka, huku ukichunguza na kuwauliza ndugu kama jicho hilo ni bandia. Jibu liandike kwenye faili, zamu ijayo ilikute.

Jifunze kulitoa na kulirudisha. Nawa mikono, tandaza taulo. Mgonjwa atazame juu. Shusha kope ya chini, ukingo wa jicho utokeze, ulipokee kiganjani. Lioshe kwa sabuni laini na maji safi, ulisuuze sana. Spiriti na maji yanayochemka huharibu akriliki. Kulirudisha, inua kope ya juu, tanguliza ukingo wa juu, kisha shusha kope ya chini likae. Kulitoa kila siku bila sababu huwasha na kuongeza matongo. Ling’arishwe kila mwaka. Wengi hulibadilisha baada ya miaka mitano hivi.

Linda lililobaki, linda na heshima. Mhimize mgonjwa avae miwani ya polikaboneti hata kama anaona vizuri. Mwite kwa jina lake, kamwe si “yule chongo”, na zungumza naye ukimtazama usoni. Akilalamikia maumivu, damu, au usaha, usimwambie avumilie: mpeleke kliniki ya macho siku hiyohiyo.