Kinanda Kipimwe kwa Vidole

Fedha za kokoa zikiingia, hapa Mbugani, Kyela, hakosi mzazi au kwaya inayosema: mwaka huu tununue kinanda. Maswali ya dukani huwa yale yale. Kina sauti ngapi? Kina midundo mingapi? Vibonye vikoje chini ya kidole, mara nyingi hakuna anayeuliza.

Nami nilianzia hapo. Kinanda changu cha kwanza kilikuwa na vibonye 61 vyepesi kama vya rimoti. Siku nilipokaa mbele ya piano halisi, ya mbao na nyaya, wimbo nilioupiga miaka miwili ulitoka vipande vipande. Kila nilipotaka noti ya chinichini, haikutoka kabisa, na kidole cha mwisho kilichoka kabla ya ubeti wa pili. Ndiyo maana nakuandikia haya kabla hujapanda basi kwenda Mbeya au Kariakoo kununua.

1. Jua uzito unatoka wapi. Ndani ya piano kila kibonye kinarusha nyundo ndogo ya mbao, yenye kichwa cha sufi iliyoshindiliwa, nayo inagonga waya na kurudi. Bartolomeo Cristofori wa Florence, Italia, ndiye aliyeibuni karibu mwaka 1700, na faida yake kubwa ilikuwa hiyo: kidole kikiwa kipole sauti inakuwa ndogo, kikikaza inakuwa kubwa. Kinanda cha kawaida hakina nyundo. Kina springi na vipande vya raba tu. Kwenye boksi tafuta neno *hammer*. Ukikuta *touch response* peke yake, maana yake kinanda kinasikia nguvu ya kidole, lakini kibonye bado ni chepesi. Vipo na vya bei ya chini visivyosikia hata hiyo: ubonyeze kwa huruma au kwa hasira, sauti ni ile ile.

2. Beba sarafu. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na hakihitaji utaalamu. Chukua sarafu kadhaa za shilingi 200, ziwe za aina moja. Kinanda kikiwa kimezimwa, zipange moja juu ya nyingine kwenye ncha ya kibonye cheupe cha mwisho kushoto, ile ncha iliyo upande wako. Ongeza moja moja mpaka kibonye kishuke chenyewe taratibu. Hesabu. Kisha rudia kwenye kibonye cha mwisho kulia. Nyundo za besi ni nzito kuliko za sauti za juu, kwa hiyo kinanda kilichoiga piano vizuri kitataka sarafu nyingi zaidi kushoto. Hesabu ikilingana, uzito wake ni wa aina moja mwanzo hadi mwisho. Piano nyingi hushuka kwa uzito wa karibu gramu 50.

3. Kisha kijaribu kwa vidole, bila haraka. Kiwashe. Shusha kibonye polepole kabisa, kama unayefunika mtoto aliyelala. Kwenye piano nyundo haitafika kwenye waya, na kinanda kizuri nacho kitanyamaza. Halafu rudia noti moja haraka haraka bila kukiachia kibonye kipande mpaka juu. Noti zikiruka, vihisio vyake ni vichache. Bonyeza pia karibu na mzizi wa kibonye, pale vidole vinapoingia katikati ya vile vyeusi. Vinanda vingi vifupi kwa ndani huwa vigumu ghafla hapo, na nyimbo zenye bemoli nyingi zitakutesa. Mwisho kizime na upige tena, usikilize kelele ya vibonye vyenyewe. Wewe utakuwa na hedifoni. Nyumba nzima itasikia tu-tu-tu mpaka saa sita usiku.

4. Vibonye 88 si lazima kwa kila mtu. Piano ina 88: vyeupe 52, vyeusi 36. Mtoto anayetaka kusoma muziki kwa dhati, labda siku moja afike Makumira au TaSUBa Bagamoyo, mnunulie vyote 88 vyenye nyundo. Anayepiga sebene na midundo ya kwaya jukwaani, vibonye vyepesi 61 vinamfaa zaidi, maana mkono wake unahitaji mbio. Mimi nisingemshauri mtu huyo anunue piano ya umeme, yaani kinanda cha vibonye vya nyundo, hata akiing'ang'ania.

5. Majina ya kuanzia. Yamaha P-45 na mdogo wake P-145, Roland FP-10, Casio CDP-S100. Zote zina vibonye 88 vya nyundo. P-45 ina sauti 10 tu, na watu huiacha kwa sababu hiyo, usiiache. Ila ujue haina tundu maalum la kwenda kwenye spika za kanisa, utatumia tundu la hedifoni. Kwa mguso peke yake, mimi naiweka FP-10 mbele. CDP-S100 inaweza kutumia betri sita ndogo, jambo la maana umeme unapokatika katikati ya mazoezi ya kwaya.

6. Ukinunua cha mtumba. Bonyeza vyote 88, kimoja kimoja, kwa nguvu ile ile ndogo. Kibonye kinachopasuka kwa kelele ghafla au kinachonyamaza kina raba iliyochafuka au kulika. Kikiwa kimoja, fundi anaweza kukisafisha. Vikiwa kumi, rudisha pesa mfukoni. Soma kibati cha nyuma: kinanda kilichotengenezwa kwa soko la Japani na kuchomekwa moja kwa moja ukutani kinataka volti 100, na umeme wetu ni 230. Adapta nayo usiiazime ovyo. Vinanda vya Casio vya zamani vya volti 9 vina hasi katikati ya pini, Yamaha vina chanya katikati. Pini zinaweza kuingia vizuri, na kinanda kikaungua.

7. Kilinde na Kyela yenyewe. Mvua zetu za Machi hadi Mei zinalowesha hata nguo iliyo kabatini, na unyevu ule ndio unaoua raba chini ya vibonye. Kisikae sakafuni wala kisiegemee ukuta. Kila ukimaliza, kifute kwa kitambaa kikavu, kifunike kwa kitenge kizito, na uweke ndani ya kitenge hicho vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usikizike kwenye mchele kama watu wanavyofanya na simu. Vumbi lake litaingia ndani likakae. Ukiishi karibu na ziwa, Matema au Itungi, jioni wadudu wadogo waitwao kungu wanapopanda kama moshi, zima taa iliyo juu ya kinanda kabla hujakifunua. Wadudu wale wanafuata mwanga, na wakiingia kwenye nafasi za vibonye hawatoki.

8. Meza kabla ya stendi. Piano za umeme nilizozitaja zina kama kilo 10 hadi 12, na nyundo zake zinataka msingi uliotulia. Stendi nyembamba ya mikono miwili iliyopishana inayumba ukikaza mkono wa kushoto, na mguso wote ulioulipia unapotea. Mpe fundi seremala vipimo: P-45 ina urefu wa sentimita 133, kwa hiyo meza iwe na 140. Kimo chake kipime ukiwa umekaa, viwiko vikiwa sawa na uso wa vibonye vyeupe. Kama mpigaji ni mtoto wa miaka minane, usipunguze meza. Pandisha kiti, na umwekee kigoda chini ya miguu.