Kitabu gani cha kuigiza papo kwa papo?

*Nalea kikundi cha maigizo shuleni. Wanafunzi wakisahau maneno jukwaani wanaganda. Ninunue kitabu gani? – Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu, kuganda huko aghalabu ni hofu ya kukosea, si uhaba wa kipaji. Anza na *Improvisation for the Theater* cha Viola Spolin, kilichotoka Marekani mwaka 1963. Kimejaa michezo, kama kuvutana kamba isiyokuwepo: mtoto akiishughulikia kamba, husahau kwamba anatazamwa. *Impro* cha Keith Johnstone (1979) ni kitamu, hasa sura ya hadhi za wahusika, ila kitakufaa zaidi wewe mwenyewe. Ukiwa dukani, fungua kurasa chache za kitabu chochote. Usipoona zoezi la kufanya kesho, kiache. Anayetetemeka hata darasani, mkutanishe na mwalimu wa ushauri nasaha.